Mshahara muzuri ni upi? Tusidanganywe na wastani



Tuko wengi hapa tuliomaliza chuo kikuu na hatuna kazi. Kazi ikitokea, hata ya miezi tatu, tunaambiwa: "Pesa hii ni nzuri, wengine hawapate hata nusu yake." Leo tuiangalie hesabu hiyo vizuri.

Tuseme kuna watu watano. Kwa siku, mulimaji wa kibarua anapata dola 1, mama wa sokoni 2, mwalimu 4, motari 5, na mufanyabiashara wa madini 88. Jumla ni 100. Gawanya kwa watano: wastani ni dola 20. Nani kati yao anapata 20? Hakuna. Sasa uwapange kwa mustari, toka wa chini mpaka wa juu. Anayesimama katikati ni mwalimu, na dola zake 4. Hayo ndiyo mapato ya kati. Yule wa madini akipata mara kumi zaidi, wastani utapanda sana, lakini mwalimu atabaki na 4 zake.

Tuje kwa nchi yetu. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongomani zaidi ya 70 kwa kila 100 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Basi na mtu wa katikati yuko chini ya mustari huo wa umaskini. Kumupita yeye si kupata vizuri: unaweza kumupita na bado ukalala njaa.

Tena, mshahara haulishi mtu mumoja. Mwaka 2018 serikali iliweka mshahara wa chini kabisa kuwa franka 7,075 kwa siku, dola 4 na kidogo wakati ule. Gawanya kwa vinywa sita: kila mumoja hafikishi franka 1,200. Humo mutoe unga, kodi ya nyumba, dawa na shule.

Kwa hiyo tunasema: mapato ya kati yanaonyesha tuko wapi, hayasemi tunastahili nini. Anayeleta kazi Kitshanga atangaze mshahara mbele ya watu, aandike mkataba, na aupime kwa bei ya soko letu, si kwa umaskini wa jirani. Na wewe kijana, ukiulizwa kama pesa inatosha, usiangalie mwenzako anapata ngapi. Hesabu kwanza vinywa vya nyumbani kwenu, kisha ujibu.

Tuko pamoja.