Ngoma imo mchezoni, mlango uko wapi?

Juma lililopita nilikuwa Bagamoyo kwa dada yangu. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, akanionyesha kwenye simu picha za mchezo wa kompyuta uitwao Relooted, ambao studio ya Nyamakop ya Afrika Kusini iliutangaza mwaka 2025. Ndani yake kundi la Waafrika huingia kwa hila katika makumbusho ya nchi za Magharibi na kurudisha vitu vya Afrika. Vitu vyenyewe si vya kubuni. Kimojawapo ni Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, jirani zetu wa pwani ya Kenya.

"Mjomba, ngoma hii ipo kweli?" akaniuliza.

Ipo. Wakoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na tangu 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza, London, tena ghalani. Kwa Wapokomo haikuwa ngoma ya harusini. Mlio wake uliwaita watu kwenye ibada, na heshima ya utawala wao ilikuwa humo.

Mtu atasema mchezo ni mchezo tu. Mimi sikubali. Mwaka 2020 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Animal Crossing: New Horizons. Humo mchezaji hununua sanaa kwa mbweha mjanja anayechanganya halisi na bandia, kisha huipeleka makumbusho ya kisiwani kwake. Imo sanamu ya Nefertiti na limo Jiwe la Rosetta. Vyote viwili vilitoka Misri. Sanamu iko Berlin, jiwe liko London. Mchezo huo hufundisha kutambua kilicho bandia, lakini hauulizi kilicho halisi kilitokaje kwao. Wenzetu wa Afrika Kusini wameuliza, na mtoto wa Bagamoyo amesikia.

Lakini swali likanigeukia. Jioni nilimpeleka mpwa wangu Mji Mkongwe nimwonyeshe mlango wa nakshi niliokuwa nikiupita utotoni. Tukakuta matofali. Jirani akasema warithi waliuuza, ukapakiwa kwenye lori. Bei hakuna aliyeikumbuka.

"Na huu pia walichukua Waingereza?" kijana akauliza. Sikuwa na jibu.

Wasikilizaji, kilichoporwa tukidai, wala tusichoke. Mwaka tunaujua na kilipo tunapajua. Je, tulichouza wenyewe kimya kimya tutakidai kwa nani? Kila mji wetu wa pwani, toka Bagamoyo hadi Pangani, uwe na orodha ya milango yake, kila mmoja na picha yake na nyumba yake. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Yatosha kijana mwenye simu. Mpwa wangu amekwisha anza, na hadi naondoka alikuwa amefikisha milango 11.