Fundi Asiyeshika Spana: Nani Anamlinda Anayelihudumia Gari la Mashindano?

Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa



Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu ni nani walioathirika Imola, Italia, katika mashindano ya langalanga ya mwaka 1994. Wote hulitaja jina la dereva Ayrton Senna, aliyefariki tarehe 1 Mei. Wengi hulitaja la Roland Ratzenberger, aliyefariki siku moja kabla yake. Aliyesoma zaidi huongeza la Rubens Barrichello, aliyeumia Ijumaa. Bado sijampata aliyewataja mafundi. Jumapili ile ile, gari la Michele Alboreto lilipokuwa likitoka piti, yaani sehemu ya kuhudumia magari kando ya njia ya mashindano, gurudumu lake la nyuma lilichomoka likawavurumisha mafundi wa Ferrari na wa Lotus waliokuwa wamesimama kazini. Walipelekwa hospitali, na dunia ikaendelea kumlilia dereva.

Usalama wa fundi ndio swali tulilolipuuza. Tuna maandishi tele juu ya usalama wa dereva na, siku hizi, wa mtazamaji. Juu ya yule anayelala chini ya gari tuna aya chache, na nyingi kati ya hizo zinamlaumu.

Pengine ningelinyamazia jambo hili lau si kauli niliyoisikia katika warsha moja ya wahandisi, kutoka kwa mwenzangu ninayemheshimu, nami sitamtaja. Alisema kuwa fundi makini haumii. Kwamba tisa kati ya ajali kumi za gereji na za viwanja vya mashindano ni uzembe, na dawa yake ni nidhamu. Ukumbi ukapiga makofi. Naomba mnivumilie, maana kauli ya dakika moja nitaijibu kwa muda mrefu.

Hizo tisa kati ya kumi zina asili yake. H. W. Heinrich alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima ya Travelers huko Marekani. Mwaka 1931 alichapisha kitabu juu ya kuzuia ajali viwandani, akadai kuwa asilimia 88 ya ajali hutokana na vitendo vya hatari vya watu, asilimia 10 na mazingira ya hatari, na asilimia 2 haziepukiki. Alisema ameyapata hayo katika kumbukumbu za ajali 75,000. Hesabu hiyo imerithishwa kutoka kitabu hadi kitabu mpaka imefika kwenye warsha zetu ikiwa imevua jina la mwenyewe.

Tuikague. Kwanza, nani aliandika kumbukumbu hizo? Ajali 12,000 zilitoka katika majalada ya bima na 63,000 katika taarifa za wenye viwanda. Sasa, msimamizi anayeulizwa kwa nini kijana wake amekatika kidole ana majibu mawili: mashine yangu haikuwa na kinga, au kijana hakuwa makini. Jibu la kwanza linamgharimu yeye. La pili linamgharimu kijana. Ukikusanya majibu 63,000 ya namna hiyo, umepima woga wa wasimamizi, hujapima chanzo cha ajali.

Pili, Heinrich aliipa kila ajali sababu moja tu, hata pale kitendo cha mtu na ubovu wa mazingira vilipokutana. Anayelazimishwa kuchagua kimoja, na mtu yupo mbele yake anavuja damu, atamchagua mtu. Tatu, majalada yenyewe hayapatikani leo ili mwingine ayahesabu upya. Katika chuo hiki mwanafunzi wa shahada ya kwanza akileta matokeo yasiyoweza kukaguliwa, tunamrudisha. Heinrich tumemwacha apite kwa zaidi ya miaka 90.

Tumtendee haki marehemu: yeye mwenyewe alihimiza mashine ziwekewe kinga. Waliomrithi ndio walioishika ile asilimia 88 wakaiacha kinga.

Hapa kwetu hoja hii ya uzembe ina mwenzake. Kabla ya ajali, mwenye gari akiambiwa anunue stendi nne imara za kushikilia gari lililoinuliwa, husema ajali haina kinga. Baada ya ajali, mdomo ule ule husema ulikuwa uzembe wa fundi. Kauli hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ama ajali haikuwa na kinga, na fundi hana lawama. Ama ilikuwa na kinga, na tuulize ni nani aliyekataa kuinunua. Zinaishi pamoja kwa sababu zote mbili hazimgharimu mwenye gari hata shilingi.

Turudi viwanjani, katika Mei ya mwaka 1981. Huko Zolder, Ubelgiji, siku ya mazoezi, fundi wa timu ya Osella alianguka mbele ya gari la Carlos Reutemann katika njia ya piti iliyokuwa nyembamba na imefurika watu. Akafa kwa majeraha. Jumapili yake, gari la Riccardo Patrese lilizimika kwenye mstari wa kuanzia. Fundi wa timu ya Arrows akakimbilia kuliwasha, magari yakaachiwa, na gari jingine la timu hiyo hiyo likamgonga kwa nyuma. Wiki moja baadaye, huko Indianapolis, mafuta yalimwagika kwenye gari la Rick Mears wakati wa kujaza. Yalikuwa methanoli, ambayo mwali wake hauonekani mchana. Dereva na mafundi walikuwa wakiungua huku waliokuwa kando hawaoni moto wowote.

Sasa mwambieni fundi wa Indianapolis awe makini na moto asiouona. Mwambieni wa Zolder awe makini katika njia isiyo na nafasi ya kusimama.

Tazameni dawa zilizofanya kazi. Baada ya Indianapolis, mdomo wa mpira wa mafuta uliundwa upya ili usifunguke mpaka ukae sawasawa kwenye gari. Baada ya Imola, langalanga iliwekewa kikomo cha mwendo katika njia ya piti. Mwaka 2010 kujaza mafuta katikati ya mashindano hayo kulipigwa marufuku. Mwaka 2013, baada ya gurudumu la Mark Webber kuchomoka na kumwumiza mpiga picha huko Nürburgring, kikomo cha piti kilishushwa kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80. Kila mara kilichobadilishwa ni kifaa, nafasi au mwendo. Ndivyo isemavyo ngazi ya udhibiti wa hatari: ondoa hatari kwanza, kisha badilisha kifaa na mazingira, na kumsihi mtu kuwe mwisho.

Mtaniambia hayo ni ya Ulaya na Marekani. Safari Rally yetu ilianza mwaka 1953, na kwa miongo mingi magari yake yalihudumiwa kando ya barabara, popote gari la mafundi lilipoliwahi lile la mashindano. Iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, Kenya, huduma ilikusanywa katika kituo kimoja, na ndani ya kituo mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 30 kwa saa. Hayo ni maendeleo. Lakini chini ya mashindano hayo makubwa kuna rali ndogo za kitaifa, ambako kituo cha huduma ni kiwanja cha shule.

Katika rali moja ya namna hiyo niliombwa kusaidia kuandika taarifa ya ajali. Kijana aliyekuwa akibadilisha mkono wa chini wa sospensheni aliangukiwa na gari, akavunjika mfupa wa bega. Rasimu niliyoikuta ilikuwa na sentensi moja: fundi aliingia chini ya gari lililokuwa kwenye jeki bila stendi. Ni kweli aliingia. Nikaomba kuona stendi. Zilikuwepo, nzima, ndani ya lori la timu, zimelaliwa na matairi. Matairi hupakiwa mwisho kwa kuwa ndiyo hutakiwa kwanza. Stendi zilipakiwa kwanza kwa kuwa ni nzito. Kuzifikia kulihitaji kushusha matairi yote, na timu ilikuwa na dakika 15 za huduma. Katika rali, kila dakika ya kuchelewa kituo cha ukaguzi ni adhabu ya sekunde 10. Jeki lenyewe lilikaa juu ya udongo ulionyeshewa usiku, bila ubao chini yake. Jeki la majimaji hubeba gari kwa mafuta yaliyozuiwa na sili moja ya mpira. Likiinama kidogo tu, mzigo huhama. Ajali ile ilianza alfajiri, kwenye upakiaji wa lori, kabla kijana hajashika spana. Taarifa ikachapishwa na ile sentensi yao moja.

Sasa niwasomee andiko ninalolipenda kuliko mengi ya taaluma yangu. Ni sehemu fupi ya kanuni za mbio za rali za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, ile ya maeneo ya kujaza mafuta. Mwendo ndani ya eneo ni kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtembea kwa miguu. Injini izimwe muda wote wa kujaza. Mafundi wanashauriwa kuvaa nguo zinazostahimili moto. Dereva na mwelekezi wake wanashauriwa wakae nje; wakibaki ndani, ni lazima mikanda yao ifunguliwe. Na gari linaweza kusukumwa kwa mikono kutoka eneo hilo bila adhabu.

Tazameni ile mikanda. Mchezo mzima umejengwa juu ya kumfunga dereva asitikisike, halafu kanuni inasema: hapa, mfungueni. Aliyeiandika alikubali moyoni kwamba moto utawaka siku moja, akahesabu sekunde za kutoka mlangoni. Tazameni na kule kusukuma. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini bila kuonekana na kungoja cheche. Kanuni imeona kuwa timu yenye haraka itawasha injini papo hapo, ikaiondolea sababu: sukumeni, hamtapoteza kitu. Andiko zima halina mahali linapomsihi mtu awe makini. Linamchukulia fundi kuwa binadamu, mchovu na mwenye haraka, kisha linaipanga dunia imfae mtu huyo.

Nikiwa nimekwisha kusema hivyo, mtashangaa kwamba imani yangu kubwa ni ya mtu, wala si ya kifaa. Naamini kila gari linalohudumiwa uwanjani linahitaji mtu mmoja asiyeshika spana. Haondoi nati, habebi tairi. Anatazama: stendi zimekaa, mafuta yamefunikwa, kila mtu ametoka chini. Neno lake la kusimamisha kazi halijadiliwi na yeyote, hata mwenye gari.

Hoja za kunipinga nazijua. Ya kwanza ni kwamba mashine inaweza kufanya kazi hiyo. Lakini huko Bahrain, mwaka 2018, taa za Ferrari zilimruhusu Kimi Räikkönen aondoke ilhali gurudumu la nyuma kushoto halijabadilishwa. Fundi aliyekuwa mbele yake akavunjika mguu, na timu ikatozwa faini ya euro 50,000. Ya pili ina nguvu zaidi: Singapore, mwaka 2008, aliyewasha taa ya kijani alikuwa mtu, na Felipe Massa akaondoka na mpira wa mafuta ukining'inia. Je, mtu wangu hajashindwa hapo? Nimeipima hoja hii mara nyingi. Mtu wa Singapore alipewa kazi ya kuliachia gari, na gari la kuachiwa lina saa inayomkimbiza. Wangu kazi yake ni kuzuia. Ya tatu, kwamba timu ndogo yenye mafundi watatu haina wa nne, ni hoja ya pesa, na timu hiyo hiyo hupata nauli ya mpiga picha.

Wala haraka si hatari pekee. Barcelona, mwezi Mei 2012, moto ulilipuka katika gereji ya Williams baada ya mashindano kwisha, timu ikisherehekea ushindi. Watu 31 walihudumiwa na madaktari. Anayetazama asiondoke kabla ya mafuta kuondoka.

Kwenu waandaaji wa rali zetu: kabla hamjachapisha kanuni za ziada za mashindano yenu yajayo, ongezeni mambo matatu. Stendi na mbao zake zishushwe lorini kabla ya kitu kingine chochote. Fomu ya ajali ianze kwa kuuliza kifaa kilikuwa wapi, kabla ya kuuliza mtu alifanya nini. Na kila timu iandikishe jina la asiyeshika spana, la sivyo isiruhusiwe kuanza.

Nawe fundi: jeki huinua gari, halilishikilii. Ukikuta stendi hazijawekwa, usiingie chini, hata kama dereva wako ndiye anayeongoza.