Mlango wa Chuo cha Kikristo

Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana katika Jubilei ya Dayosisi



Katika siku hizi za furaha twamshukuru Mungu kwa ajili ya shule zetu. Lakini yafaa tujiulize: chuo cha Kikristo chajulikana kwa alama gani? Wengi hutazama majengo na sifa. Mimi nataka kuwaeleza habari za chuo kimoja kidogo cha Marekani, kiitwacho Berea, katika jimbo la Kentucky.

Mwaka 1855 mhubiri John G. Fee alianzisha huko shule ya chumba kimoja. Baba yake alikuwa na watumwa, bali yeye aliuchukia utumwa, wala hakunyamaza. Jina la Berea latoka katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Na katika sura iyo hiyo mna fundisho ambalo chuo chalishika hata leo, ya kwamba mataifa yote ni wa damu moja.

Fundisho hilo liliwagharimu. Mwaka 1859 watu wenye silaha waliwafukuza walimu. Vita vya Marekani vilipokwisha wakarudi, na katika mwaka wa masomo 1866–67 wakawa na wanafunzi 187: weusi 96, weupe 91, wakisoma pamoja.

Hata mwaka 1904 serikali ya Kentucky ikatoa sheria ya kuwatenga. Chuo kilikata rufani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908. Ndipo kikasaidia kuanzisha shule nyingine kwa ajili ya weusi, Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912. Sheria ilipolegezwa mwaka 1950, Berea ikawapokea tena.

Mmoja wa waliopata kuingia kabla ya sheria ile ni Carter G. Woodson, mwana wa watu waliokuwa watumwa, naye alikuwa amefanya kazi katika machimbo ya makaa. Alihitimu mwaka 1903, akawa mwanahistoria mashuhuri. Angalichelewa miaka miwili, angaliukuta mlango umefungwa.

Tena, tangu mwaka 1892 chuo hicho hakitozi ada ya masomo. Kila mwanafunzi hufanya kazi saa 10 au zaidi kwa juma, shambani, ofisini au karakanani. Kwa kuwa kazi ni ya wote, hakuna awezaye kumdharau mwenzake kwa kushika ufagio. Wala masomo si ya kazi moja tu: ajifunzaye uuguzi husoma pia historia, sayansi na mambo ya imani.

Basi, vijana, mkichagua chuo, ulizeni: Maskini huingiaje hapa? Kazi ya mikono yaheshimiwa? Mtu wa kabila jingine hula nami meza moja?

Nanyi wazazi na walimu, katika kila mtaa yuko mtoto mwenye akili asiye na ada. Mtafuteni kabla hajachelewa. Sadaka ya jubilei ikimfikia huyo, haikupotea.

Mungu awabariki nyote.