MWANAFUNZI MMOJA, VYETI VIWILI

Katika mji mdogo wa Muhokya, ulio kando ya barabara itokayo Kasese kwenda Kikorongo na Bwera, mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Pili hukabiliwa siku hizi na swali ambalo baba yake hakupata kuulizwa. Zamani mambo yalikuwa wazi, ingawa hayakuwa ya haki. Mtoto alimaliza Kidato cha Nne, akangoja matokeo, na karatasi ya matokeo ndiyo iliyomwamulia maisha. Aliyefaulu alipanda Kidato cha Tano. Aliyebaki, kama baba ana ng'ombe wa kuuza, alipelekwa chuo cha ufundi. Hivyo ufundi ukapata sifa mbaya, ukahesabiwa kuwa kimbilio la walioshindwa, na hata fundi hodari wa kuchomelea vyuma hakupenda mwanawe afuate nyayo zake.

Swali la leo, ndugu wasikilizaji, huja mapema zaidi, nalo ni hili: je, mtoto aanze kuutafuta ujuzi wa kazi angali yumo katika shule ya sekondari, ili atoke na vyeti viwili badala ya kimoja?

Msingi wa swali hilo ni mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika nchini Uganda mwezi Februari mwaka 2020. Kwa mtaala huo, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili husoma masomo 12, na Kiswahili kimo miongoni mwa yale ya lazima. Afikapo Kidato cha Tatu masomo ya lazima hupungua kuwa saba, na hapo hupata nafasi ya kuchagua mengine, yakiwemo yenye mwelekeo wa kazi, kama vile kilimo, sanaa na usanifu, lishe na mapishi, teknolojia na usanifu. Kazi anazofanya darasani na nje ya darasa humpa asilimia 20 ya alama zake za mwisho, na asilimia 80 hutoka katika mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2024.

Lakini mtaala ulifungua mlango mwingine. Shule yenye vifaa inaweza kumwandikisha mwanafunzi atahiniwe ufundi wa daraja la kwanza, apate cheti cha kazi kando ya kile cha masomo. Utahini huo ulikuwa mikononi mwa Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, iliyoanzishwa kwa amri ya mwaka 1972, mpaka sheria mpya ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 ilipoukabidhi kwa bodi moja ya taifa ya kutahini ufundi. Katika mtihani wa namna hii mtahiniwa hupewa mbao, nondo au kitambaa, na mtahini humtazama akifanya kazi.

Yafaa ieleweke kwa usahihi cheti hicho ni cha nini. Daraja la kwanza lasema kwamba mwenye nalo anaweza kufanya kazi fulani chini ya usimamizi wa fundi mkubwa. Halisemi kwamba amekuwa fundi mkuu, wala halimpeleki Chuo Kikuu. Mwenye kutaka shahada kwa njia ya kawaida bado hana budi kupita Kidato cha Sita na kufaulu vizuri masomo mawili makuu katika kikao kimoja. Iko njia ya pili, ndefu lakini halali: miaka miwili katika taasisi ya ufundi kwa cheti cha taifa, kisha stashahada katika chuo kama kile cha Kichwamba karibu na Fort Portal, na mwishowe shahada, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mzazi anayedhani kwamba njia ya ufundi huishia ukutani amepotoshwa, na anayeambiwa kwamba cheti cha daraja la kwanza kitamfupishia mwanawe safari ya shahada amepotoshwa vilevile.

Dhana hii ya pili huenda inatokana na habari za Marekani. Huko, mwanafunzi wa sekondari aweza kusoma somo la chuo kikuu na kuhesabiwa pande zote mbili, shuleni na chuoni. Chuo Kikuu cha Connecticut kilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1955, na mwaka 1985 jimbo la Minnesota likaufanya kuwa jambo la jimbo zima, gharama ikilipwa na fedha za umma. Hata huko, wapo wanafunzi ambao hufika chuo kingine wakaambiwa kwamba alama zao za awali hazitambuliwi. Basi kuuliza kabla ya kulipa si desturi ya maskini peke yao.

Mfano wa karibu zaidi uko Tanzania. Sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 iligawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na mwanafunzi wa amali anakusudiwa kutoka na cheti cha elimu ya sekondari pamoja na cha ufundi stadi. Majirani wa Kenya nao walijaribu jambo linalofanana walipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Masomo ya mikono yaliwekwa katika ratiba, wazazi wakaombwa kujenga karakana, na mahali pengi karakana hazikujengwa. Watoto walichora randa ubaoni bila kuishika.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa Muhokya. Kazi za kufundishia hazikosekani huko. Mawe ya chokaa huchimbwa na kuchomwa papo hapo. Wavuvi wa Kahendero huhitaji waundaji na warekebishaji wa mitumbwi. Katika Hima kuna kiwanda cha saruji. Na Mpondwe, mpakani na Kongo, malori na pikipiki hazikomi kuharibika. Wazee wa Kasese wanakumbuka jinsi mgodi wa shaba wa Kilembe, tangu reli ilipofika mwaka 1956, ulivyokuwa ukihitaji mafundi wa umeme na wa mitambo. Kinachokosekana ni karakana yenye umeme, mwalimu aliyefundishwa kazi yenyewe, na ada ya kuandikishwa mtihani.

Wapo pia wale ambao hata ada ndogo ni mlima kwao. Mafuriko ya Mto Nyamwamba ya mwezi Mei mwaka 2020 yaliwang'oa watu wa bonde la Kilembe, na baadhi yao waliwekwa kambini Muhokya. Kwa mtoto aliyekulia chini ya turubai, miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita ni safari ya mbali mno. Cheti cha kazi akiwa na umri wa miaka 17 chaweza kuwa ndicho cheti pekee kitakachomlisha. Asipokipata shuleni, atakwenda kubeba mawe ya chokaa, na huko hakuna atakayemtahini.

Tena liko jambo ambalo wazazi wa wilaya hiyo hulitaja kwa sauti ya chini. Mwaka 1998 wanafunzi wapatao 80 waliuawa katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, na mwezi Juni mwaka 2023 makumi ya wanafunzi waliuawa katika shule ya sekondari huko Mpondwe. Anayeona ajabu kwamba mama wa Bwera anasita kumpeleka mwanawe bweni la mbali, basi hajalifikiri jambo hilo. Ufundi unaofundishwa katika shule ya kutwa, mtoto akarudi nyumbani jioni, una thamani ambayo haimo katika ratiba ya wizara.

Uandikishaji wa mtihani hufanywa miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe. Mzazi aendaye kumwona mwalimu mkuu ana haki ya kuonyeshwa karakana, na si kuelezwa tu habari zake. Aulize ni nani anayefundisha, na kama fundi wa mtaani anaweza kualikwa kusaidia. Aulize shule ilikwisha kuwatahinisha wangapi, na kama vyeti vyao vilifika. Kisha amwulize mtoto mwenyewe anapenda kazi gani, maana ndiye atakayeishika randa.