Taka za nyuklia na hilo "jangwa tupu"

Uzi. Haya ndiyo niliyosema kwenye kikao hapa Isiolo, kwa wale hawakuweza kufika. Vyama na majina ya wanasiasa nimeyaacha.

Kila kampeni ikifika, mmoja anasema taka za nyuklia zitatupwa kaskazini, mwingine anajibu ati huo ni uvumi. Tuanze na tunachojua.

Kenya haina kinu cha umeme wa nyuklia. Mpango upo: ulitajwa Uyombo, Kilifi, wakazi wakaandamana 2024, halafu Siaya ikaanza kutajwa. Kwa hivyo hakuna kinu cha Kenya kinachotoa fueli iliyotumika leo. (Hofu ya Kargi, ya visima vya watafuta mafuta miaka ya 1980, ni kilio kinachodai majibu yake. Tusikichanganye na hii.)

Lakini swali la kesho ni halali. Fueli ikitoka kinuni ina joto na mionzi mikali. Hukaa kwenye bwawa la maji miaka kadhaa ndipo isafirishwe. Muundo wa kasha lake hupimwa kwa kuangushwa mita 9 na kuchomwa nyuzi 800 kwa nusu saa. Kasha halinitishi sana. Barabara ndiyo inanitisha: kasha moja linaweza kupita tani 100, na lori la kawaida hapa kwetu mwisho ni tani 56 pamoja na mzigo. Nani atakagua daraja la Archers Post?

Sasa lile neno linaloniudhi, "jangwa tupu". Tupu kwa nani, jameni? Chini ya Merti kuna maji yanayoenea hadi Dadaab, watu na ngamia wanayanywa. Fueli hii hubaki hatari kwa maelfu ya miaka, ndiyo maana Ufini imechimba zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, kule Eurajoki. Na sheria yao iliipa halmashauri ya Eurajoki uwezo wa kukataa. Ilipiga kura 2000, ikakubali.

Anayekuja kuomba kura muulizeni: fueli itarudi kwa aliyeiuza, kama Bangladesh ilivyokubaliana na Urusi 2017? Ikibaki, itakaa wapi? Na sisi tutaweza kusema hapana? Akijibu "wataalamu watajua", mrudishieni maikrofoni ajaribu tena.