Gari Linapotetemeka: Tutajuaje Ugonjwa Wake?

Natumaini kila mmoja ameketi na daftari na kalamu yake, maana somo la leo ni la kusikiliza na la kuandika.

Leo tutazungumza juu ya gari linalotetemeka likiwa njiani. Gari tutakalolitazama ni Land Rover ya zamani, ya namna iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1948 mpaka mwaka 1985. Nyingi bado zinafanya kazi vijijini kwetu. Pengine wewe ni dereva, au utingo, au abiria tu. Somo hili ni lenu nyote.

Kwanza nitawasimulia jambo nililoliona mwenyewe. Nilikuwa nikisafiri katika Land Rover ya namna hiyo. Kila ilipofika mwendo wa maili 40 kwa saa, ilitetemeka mpaka meno yakagongana. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua tairi nne mpya. Fedha zilitoka, mtetemeko ukabaki. Siku ile, tulipokuwa tukipanda mlima, tulisikia kishindo chini ya miguu yetu. Propela ya nyuma ilikuwa imekatika. Gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Dereva akavuta breki ya mkono, lakini gari halikusimama! Tuliokolewa na breki ya mguu, na utingo aliyeruka upesi akaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Kwa nini breki ya mkono haikushika? Sikilizeni vizuri. Propela ni chuma kirefu cha mviringo, kama bomba. Kazi yake ni kupeleka nguvu kutoka sanduku la gia mpaka kwenye difu, na difu huzungusha magurudumu. Land Rover hii ina propela mbili: moja ya mbele, moja ya nyuma. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika propela ya nyuma, pale inapotoka kwenye sanduku la gia. Basi propela ya nyuma ikikatika au ikifunguliwa, breki ya mkono haina kazi tena. Andikeni jambo hilo katika daftari, mlipigie mstari.

Sasa tuulize gari maswali, kama mganga anavyomwuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa.

Swali la kwanza: Je, gari hutetemeka hata likiwa limesimama? Washa injini, usiingize gia, kisha kanyaga mafuta kidogo kidogo. Likitetemeka, ugonjwa uko katika injini, au katika mipira inayoishikilia injini. Usiguse propela.

Swali la pili: Je, mtetemeko hufuata injini au hufuata mwendo wa gari? Tafuta barabara iliyonyoka, tambarare, isiyo na watu. Usifanye jaribio hili mlimani. Endesha mpaka mtetemeko uanze, kisha toa gia, yaani weka fri, na uache gari liende lenyewe. Mtetemeko ukiendelea ingawa injini imetulia, basi tazama magurudumu, propela na difu. Ukikoma mara moja, tazama injini na klachi. Lakini usisahau propela, kwa sababu kiungo kilicholika pengine hutetemeka zaidi kinapovuta mzigo.

Swali la tatu: Je, mtetemeko ni wa polepole au wa haraka? Hapa hesabu itatusaidia. Katika difu ya Land Rover hii, gurudumu likizunguka mara 10, propela huzunguka mara 47. Kwa hiyo ubovu wa gurudumu hutikisa gari polepole, na mara nyingi usukani hucheza mikononi. Ubovu wa propela huvuma upesi upesi, nawe huusikia sakafuni na kwenye kiti.

Mtetemeko ukiwa wa polepole, anza na mambo yasiyo na gharama. Toa matope yaliyokauka ndani ya rimu. Kaza nati za magurudumu. Tazama kama tairi imevimba mahali.

Mtetemeko ukiwa wa haraka, ingia chini ya gari. Lakini kwanza lisimamishe mahali tambarare, zima injini, na uweke mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Usitegemee breki ya mkono; mmekwisha kujua sababu. Shika propela kwa mikono miwili, uizungushe huku na huku, kisha uisukume juu na chini. Kila mwisho wa propela pana kiungo ambacho mafundi hukiita krosi. Krosi ikicheza, au ukiona unga mwekundu wa kutu pembeni yake, imekosa grisi nayo imekwisha. Ibadilishwe. Tazama pia kama propela imebonyea, imepinda, au imeshika matope.

Ikiwa propela ilifunguliwa karibuni, tazama jambo moja zaidi. Propela ina sehemu inayoingia na kutoka, kama bomba ndani ya bomba. Fundi akiirudisha vibaya, uma wa mwisho mmoja hautaelekeana na uma wa mwisho wa pili. Hapo hata propela mpya itatetemeka. Basi kabla ya kufungua, tia alama ya chokaa pande zote mbili.

Bado una shaka? Fungua propela ya mbele tu, uiweke kando, uendeshe kwa magurudumu ya nyuma. Propela ya mbele huzungushwa na magurudumu yake hata usipoitumia, isipokuwa gari lina vifungo vya kuyaachanisha. Mtetemeko ukitoweka, umeupata mahali pake.

Ndugu zangu, mwenye gari yule hakukosa fedha. Alikosa kuuliza kabla ya kununua. Basi gari lako likitetemeka, chukua karatasi uandike mambo manne: mwendo ambao mtetemeko huanza; kama huendelea ukiweka fri; kama ni wa polepole au wa haraka; na kitu gani kilitengenezwa mara ya mwisho. Mpe fundi karatasi hiyo. Fundi mwema atafurahi, na yule asiye mwema ataona kwamba hakupata mjinga.

Maswali ya darasani:
1. Breki ya mkono ya gari hili hushika wapi?
2. Gurudumu likizunguka mara 20, propela itazunguka mara ngapi?
3. Kwa nini tunatia alama kabla ya kufungua propela?

Someni kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kisha mjibu kwa maandishi. Kwa herini, mpaka somo lijalo.