Nchi Jirani: Vigango vya Mijikenda na Faida ya Walanguzi



Kukusanya vitu vya nadra ni uraibu wa tangu zamani. Wapo wakusanyao stempu, wapo wakusanyao sarafu, na wapo wahifadhio nishani za vita. Anayenunua stempu kwa bei nafuu, akaitunza na kuiuza baadaye kwa bei kubwa, hajamdhulumu mtu, maadamu aliyemwuzia alikuwa na haki ya kuuza. Vivyo hivyo, mchongaji anayechonga kinyago ili akiuze sokoni hadhulumiwi kinyago hicho kikiuzwa tena. Faida yenyewe si kosa. Linalopasa kuulizwa ni faida hiyo imeanzia wapi.

Swali hilo limewagusa kwa uchungu jirani zetu wa pwani ya Kenya. Miongoni mwa Wamijikenda, hasa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu anapofariki husimikiwa kigango, yaani nguzo ya mti iliyochongwa kwa mfano wa umbo la binadamu. Kigango si pambo. Ni makao ya roho ya marehemu katikati ya jamaa zake. Hakikuchongwa ili kiuzwe.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 nguzo hizo ziligeuzwa bidhaa. Wezi walizing'oa na kuziuza kwa malipo madogo, wachuuzi wa vinyago wakazipokea, na walanguzi wakazivusha bahari hadi Marekani, ambako matajiri walizinunua kwa maelfu ya dola na kuzisimamisha sebuleni. Wengine walizitoa zawadi kwa majumba ya makumbusho. Watafiti waliwahi kuhesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya nchi hiyo.

Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa. Mzee huyo alifariki mwaka 1987 bila kuviona tena. Mwaka 1999 mtafiti yuleyule, akiwa mkutanoni Marekani, alionyeshwa picha za vitu vya makumbusho, akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya chuo kikuu. Kufikia katikati ya mwaka 2007 vyote vilikuwa vimerejeshwa, baada ya zaidi ya miaka 20.

Walanguzi wana utetezi wao. Wanadai kwamba familia huhama kutafuta mashamba mapya na kuviacha vigango nyuma, kwa hiyo vimetupwa, na mwenye kuokota si mwizi. Hoja hiyo haina msingi. Kwa desturi, kigango kikishasimikwa hakiondolewi. Kukiacha mahali pake ndiko kukiheshimu. Askari anayehamishiwa kituo cha mbali huliacha kaburi la mzazi wake kijijini. Je, kwa kuondoka kwake amelitoa kwa mnada?

Mnunuzi wa mwisho naye hudai kwamba alilipa fedha halali na hakuiba kitu. Lakini fedha halali hainunui haki ambayo muuzaji hakuwa nayo. Mali ya wizi ikipita mikono kumi, mkono wa kumi haugeuki kuwa safi kwa sababu tu uko mbali na wa kwanza. Ni kweli pia kwamba bila mwenyeji wa kuonyesha njia, mlanguzi wa ng'ambo asingeyafikia maboma hayo. Umaskini unaweza kulieleza tendo hilo, lakini hauwezi kulihalalisha.

Tanzania nayo imeonja machungu hayo. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana baadaye katika makumbusho ya binafsi mjini Geneva, Uswisi, na kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 2010.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vigango vya mzee yule vilirudi kwa sababu picha ilikuwapo. Makumbusho moja ya mjini Denver yalirudisha vigango 30 nchini Kenya mwaka 2019, lakini haikujulikana vilitoka katika maboma ya nani. Kila kilipouzwa, jina la marehemu lilizidi kupotea. Hiyo ndiyo hasara isiyofidiwa na bei yoyote.

Kwa hiyo, mwananchi anapofika kituo cha polisi kuripoti kwamba mti wa kuchongwa umeibwa, asichekwe wala asiambiwe arudi kesho. Maelezo yake yaandikwe: urefu wa kitu, alama zake, mahali kiliposimama, na picha kama ipo. Na mchuuzi anayesimamishwa na shehena ya vitu vya kale, iwe mpakani Horohoro, bandarini au uwanja wa ndege, asiulizwe tu alinunua kwa shilingi ngapi. Aulizwe alinunua kwa nani, na huyo naye aliruhusiwa na nani kuuza. Mwenye biashara ya haki atajibu bila taabu. Mlanguzi ataanza kutaja bei.